Je, wajua kwa nini mshono wa upasuaji wa moyo hufuatiliwa kwa siku 90?

Mgonjwa aliyepandikizwa mishipa ya damu ya moyo mara nyingi huruhusiwa baada ya wiki moja hivi, mshono ukiwa mkavu na homa hana. Mbona basi muuguzi anaendelea kumpigia simu miezi mitatu? Kwa sababu maambukizi mengi ya vidonda hivi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshafika kwake Mbagala au Kigamboni.

Upasuaji huu, ambao Dar es Salaam hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kwa kawaida huacha vidonda viwili. Kifuani, mfupa wa kidari hukatwa katikati kwa msumeno, kisha hufungwa kwa waya zisizoshika kutu ambazo hubaki humo. Mguuni ndiko hutolewa mshipa wa kupandikiza. Cha mguu husahaulika sana, na si haki: mguu huvimba, na mshono ukipanda hadi karibu na kinena hufikiwa kwa urahisi na bakteria wa utumbo. Kifuani anayeongoza ni stafilokoka, anayeishi puani na kwenye ngozi.

Siku ya upasuaji ndiyo siku ya 1. Maambukizi ya ngozi na mafuta yaliyo chini yake, pamoja na yote ya kidonda cha mguu, hufuatiliwa hadi siku ya 30. Ya kifuani yaliyoingia kwenye misuli, mfupa au nyuma ya kidari hufuatiliwa hadi siku ya 90, maana bakteria walioshikamana na waya huweza kukaa kimya wiki kadhaa.

Ukiuliza, “Kidonda kinaendeleaje?” utajibiwa, “Kinaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu,” hata kama bandeji imelowa. Kwa hiyo uliza kimoja kimoja: bandeji ilibadilishwa lini, ilikuwa na majimaji ya rangi gani? Joto limefika 38? Sukari ikoje, kama ana kisukari? Ameanza dawa yoyote ya famasi? Akikohoa, anasikia kidari kinagonga au kucheza? Jibu la mwisho likiwa ndiyo, aje siku hiyo hiyo, hata kama hakuna usaha. Huenda mfupa umeachia.

Dawa ya famasi inaharibu mengi. Antibayotiki ikitangulia, bakteria wanaweza wasiote maabara, na daktari akabaki kubahatisha. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza: safisha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, ndipo uchukue usaha kutoka ndani. Ukipangusa juu juu, maabara itakuotesha bakteria wa kawaida wa ngozi. Wekundu mdogo kwenye tundu la uzi pekee hauingizwi kwenye hesabu ya maambukizi.

Hesabu yenyewe ni idadi ya maambukizi, gawanya kwa idadi ya upasuaji, zidisha kwa 100. Tuseme wamepasuliwa 40, wawili wakaambukizwa: ni asilimia 5. Lakini kama 10 kati yao hawakupatikana kwenye simu, rejista iseme hivyo waziwazi. Kuwaandika “salama” ni kujidanganya, kwani huenda mmoja wao amelazwa hospitali nyingine. Ndiyo maana kabla mgonjwa hajatoka wodini, chukua namba mbili: yake, na ya ndugu atakayekuwa akimfunga kidonda.