Utabiri wa Hewa Kando ya Barabara Hautoshi Kumshtaki Mtu

Kila mwaka tarehe 7 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Hewa Safi, ikikaribia, malalamiko kuhusu moshi na vumbi la barabarani jijini Nairobi huongezeka. Sisi tunaosimamia mazingira tunayapokea kwa shukrani. Lakini mengi siku hizi huja na kiambatisho kimoja tu: picha ya skrini ya simu yenye ramani ya utabiri wa uchafu wa hewa, Mombasa Road imepakwa rangi nyekundu, na chini yake ombi kwamba mwenye kiwanda fulani au sako (chama cha ushirika) fulani ya matatu ichukuliwe hatua. Kwa picha hiyo pekee hatuwezi kumchukulia mtu yeyote hatua, na inafaa tueleze kwa nini. (Maelezo haya ni ya jumla. Hayachukui nafasi ya sheria yenyewe wala ushauri wa wakili.)

Utabiri wa PM2.5, yaani chembe ndogo mno za moshi na vumbi zinazoelea hewani, kando ya barabara ni hesabu. Huanzia kwenye idadi ya magari yanayotarajiwa kupita kila saa, yakigawanywa kwa aina: lori la dizeli halihesabiwi sawa na gari dogo la petroli, wala basi la miaka kumi na tano na lililotoka bandarini mwezi uliopita. Hapo huongezwa vumbi linalotimuliwa na magurudumu, pamoja na chembechembe za breki na tairi, ambazo hazimhurumii hata mwenye gari la umeme. Kisha kuna hewa chafu inayokuja kutoka kwingineko: majiko ya makaa, takataka zinazochomwa, viwanda. Mwisho ni hali ya hewa, na hapa ndipo utabiri hufaulu au huanguka.

Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hupata upepo unaotoka mashariki. Kwa hiyo katika barabara inayokwenda kaskazini na kusini, kama Outer Ring, upande wa magharibi ndio unaomezeshwa moshi siku nyingi. Umbali nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Julai 2009 watafiti walipima PM2.5 mchana wa siku za kazi. Nje ya jiji wastani ulikuwa mikrogramu 10.7 katika kila mita ya ujazo. Kwenye njia ya waendao kwa miguu katikati ya jiji, 98.1. Katika makutano makubwa kiwango kilishuka kutoka 128.7 hadi 18.7 ndani ya mita 100 tu, upande unakoelekea upepo. Soma tena hizo mita 100. Ramani ya simu inayopaka mtaa mzima rangi moja haiwezi kukuambia kama kibanda chako cha mboga kiko salama. Muuza mboga aliyejisogeza nyuma ya jengo la pili amefanya jambo ambalo ramani hiyo haioni.

Na tafadhali, tuachane na imani kwamba hewa ya alfajiri ni safi kwa sababu ni baridi. Ni kinyume. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyo chini huwa baridi kuliko iliyo juu yake, na moshi hukaa chini kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi matatu zinanguruma kwenye steji, na kifuniko bado hakijafunuka. Kufikia adhuhuri jua limepasha ardhi, hewa inapanda na kuchanganyika, na magari yale yale huacha kiwango cha chini zaidi. Katika kibaridi cha Julai, mawingu yakitanda siku nzima, ahueni hiyo huchelewa. Anayekimbia mazoezi kando ya Thika Road saa moja asubuhi amechagua saa mbaya, tena kwa hiari yake.

Mvua je? Hulaza vumbi, ndiyo. Lakini matope yanayoburutwa kutoka kingo zisizo na lami hukauka juu ya barabara, na siku mbili baadaye yanarudi hewani. Wanaotuandikia kwamba “mvua imenyesha, utabiri wenu ni wa uongo” wangesubiri hizo siku mbili.

Kuna pia suala la vifaa. Vihisio vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga, na unyevu ukiwa mwingi chembe huvimba kwa maji, kifaa kikasoma zaidi ya kilichopo. Wakati mwingine buibui ametanda utando kwenye tundu la kuingizia hewa. Ndiyo maana tunalinganisha na chujio: kiduara cheupe kinachopimwa uzito kabla na baada ya kunyonya hewa saa 24. Kilichowekwa karibu na mzunguko wenye malori hutoka cheusi kama masizi. Cha Januari kando ya njia ya vumbi hutoka na wekundu wa udongo. Uzito huo ndio kipimo.

Sasa sheria. Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014 ziliweka kikomo cha PM2.5 cha mikrogramu 75 kwa wastani wa saa 24. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni 15, lakini mwongozo huo haumfungi mtu mahakamani hapa. Neno la kuzingatia ni wastani. Saa moja ya 140 haivunji kikomo cha saa 24, hata ikikuwasha macho. Na utabiri, uwe sahihi kiasi gani, husema yatakayotokea. Hausemi ni nani aliyeyasababisha.

Lalamiko linaloweza kufanyiwa kazi lina tarehe, saa, mahali hasa, na shughuli inayolalamikiwa. Kama ni gari: nambari ya usajili, lilikokuwa likielekea, na rangi ya moshi, kwa sababu moshi mweusi na wa buluu haumaanishi hitilafu moja. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na nambari hutuwezesha kufuatilia ukaguzi huo. Kama ni kiwanda au eneo la ujenzi, mkaguzi hufika na kupima. Kasoro ikithibitishwa, amri ya urejeshaji wa mazingira inaweza kutolewa. Amri hiyo hutaja shughuli, anayeelekezwa, siku inapoanza kutumika, hatua za kurekebisha na muda wake, adhabu, na haki ya kukata rufaa. Aliyepewa ana siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa kama hizo. Pale ambapo sheria haikutaja adhabu mahususi, kifungu cha 144 cha sheria ya mazingira, yaani EMCA, kinatoa kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni, au vyote viwili. Mwananchi anaweza pia kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi chini ya kifungu cha 3, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia.

Utabiri utumieni kupanga saa ya kutoka, upande wa barabara wa kupita, na siku ya kumweka ndani mtoto mwenye pumu. Lalamiko litakaloletwa na picha ya skrini pekee litajibiwa kwa barua inayoomba tarehe, saa, mahali na nambari ya gari.