Je, wajua kwa nini anayeomba kuchimba shimo dogo ndo mara nyingi hupewa ruzuku ya akiolojia?

Watu wengi wakisikia mtafiti kapata ruzuku ya akiolojia wanawaza sululu na vibarua tu, kwamba hela ikiwa nyingi shimo litakuwa kubwa, alafu siku moja kinatoka kitu cha dhahabu na gharama zinarudi. Gharama hazirudi. Nchi nyingi sheria inasema kinachotoka ardhini ni mali ya umma, na mkataba wa UNESCO wa 1970 ulikuja kubana biashara haramu ya vitu hivyo kuvuka mipaka, kwa hiyo mchimbaji mwaminifu hana cha kuuza, anabaki na rekodi. Wala dhahabu sio inayotafutwa, mbegu moja iliyoungua inaweza ikawa na maana kubwa zaidi kwa sababu umri wake unapimika. Lakini lililoshika mizizi zaidi ni lile la kudhani kuchimba ndo kunakula bajeti.

Chukua kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri ya kale. Wengi wanaijua Novemba 1922, mwanaakiolojia Howard Carter akichungulia ndani kwa mwanga wa mshumaa. Kazi ya kutoa vitu, kuviimarisha visisambaratike na kuviandika kimoja kimoja iliendelea mpaka 1932, karibu miaka 10, na Lord Carnarvon aliyekuwa anaigharamia alishafariki tangu Aprili 1923. Carter naye akafa 1939 bila kumaliza ripoti kamili ya kisayansi. Na hao walianza wakiwa na tajiri nyuma yao! Ruzuku za utafiti za Wenner-Gren, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa anthropolojia, ambazo wanaakiolojia wengi wanaziomba, miaka ya karibuni kikomo chake kimekuwa dola 25,000.

Sasa piga hesabu ya udongo. Shimo la mita 1 kwa 1 likienda chini mita 2 linatoa mita 2 za ujazo, ambazo zinaweza kufika kama tani 3, na huo udongo haumwagwi tu pembeni, unachekechwa, vigae na mifupa vinaoshwa, vinahesabiwa, vinaandikwa namba, alafu sampuli za lita 40 hadi 60 zinawekwa kwenye maji ili mbegu na mkaa vielee juu vikusanywe. Panua shimo liwe mita 3 kwa 3 kwa kina hichohicho, unapata mita 18 za ujazo, mara 9 ya mwanzo, na kazi yote ya baadaye inapanda nayo. Ni kama kuvuna mahindi wakati ghala lako ni dogo: kuvuna kunaisha haraka, ila kukausha, kupukuchua na kutunza ndo kunakula siku na hela, na gunia lisilo na pa kukaa linaharibika. Tofauti ni kwamba mahindi yakiachwa shambani yanaoza, wakati vitu vya kale vikiachwa ardhini mara nyingi viko salama, ardhi yenyewe ndo ghala. Hatari inaanza vikitoka. Chuma kinashika kutu kwa kasi zaidi, mbao zilizolowa zinasinyaa na kupasuka. Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama karne ya 16, ilitolewa baharini 1982, ikawa inanyunyiziwa bila kuachiwa ikauke mpaka 2013.

Alafu kuna kupima umri. Enzi za Willard Libby, aliyepata Nobel 1960 kwa njia ya kaboni-14, maabara ilihitaji gramu kadhaa za kaboni, leo miligramu moja au pungufu inatosha, kwa hiyo mbegu moja inapimika. Ila kipimo kimoja hakitoshi, maana panya au mizizi inaweza kushusha mbegu kwenye tabaka lisilo lake, na mkaa wa mti mkongwe unaonyesha umri wa mti, sio wa moto uliowashwa. Inabidi upime kadhaa, tabaka kwa tabaka, na kila kimoja kinalipiwa. Ndo maana mwombaji anayeandika mashimo mawili na vipimo vingi anaeleweka kuliko anayetaka kufukua eneo zima akiwa na vipimo viwili.

Hakuna uwiano mmoja wa kuchimba na kazi ya baadaye unaofaa kila mahali lakini. Eneo kavu lenye zana za mawe tu halina mzigo wa kuhifadhi kama eneo la tope lenye mbao na ngozi, na pengine mashimo madogo yanapotosha kabisa, ukitaka kuelewa ramani ya nyumba lazima ufungue eneo pana, au utumie mashine za kupima usumaku wa ardhi, ambazo zinaonyesha palipowahi kuwa na jiko au tanuri bila kugusa udongo.

Na zipo ruzuku za akiolojia ambazo hazina uchimbaji mpya ndani yake hata kidogo. Mwanaakiolojia Mfaransa Roland de Vaux alichimba Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kati ya 1951 na 1956, akafariki 1971 kabla ripoti ya mwisho haijatoka, na michimbo ya namna hiyo iko mingi, vitu vimekaa kwenye maboksi na madaftari yamejaa ila hakuna anayeweza kuvitumia. Mwaka 1997 Shelby White na Leon Levy walianzisha mfuko unaoendeshwa Harvard, kazi yake ni kuwalipia watafiti waandike na kuchapisha yale ambayo tayari yalishachimbwa.