Kondoo aliyechomwa deksa: mwambie mchanjaji kabla ya chanjo ya sotoka

Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo izinduliwe Bariadi mwezi Juni 2025, lalamiko tunalolisikia sana minadani na majoshoni hapa Tabora ni hili: kondoo amechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR), kisha ameugua, kwa hiyo chanjo ni mbovu. Nikiuliza alichomwa nini siku zilizotangulia, naambiwa, "Deksa kidogo tu, daktari, alikuwa amezubaa."

Deksamethasoni, yaani hiyo deksa, hushusha homa na uvimbe kwa kuzilaza chembe za kinga. Chanjo ya sotoka ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ni kinga hiyohiyo inayotakiwa kuvitambua. Ukiilaza halafu ukachanja, kondoo anaweza kuondoka na hereni ya utambuzi sikioni bila ulinzi wa kutosha.

Wengi wanaamini dawa huisha usiku uleule. Si kweli. Deksa ya maji inayochomwa kwenye msuli huingia kwenye damu haraka na kupungua humo baada ya saa chache, lakini kazi yake ndani ya chembe huendelea kwa takriban siku mbili. Zipo pia za kukaa muda mrefu, ambazo huachia dawa kidogo kidogo kutoka pale sindano ilipoingia, na hizo athari yake huenda hata wiki kadhaa. Chupa zinafanana, kwa hiyo soma lebo. Vidonge vya binadamu navyo havifai: tumbo kubwa la kondoo limejaa lita kadhaa za majani yanayochacha, dawa huchanganyika humo na kufika kwenye damu polepole, kwa kiasi usichoweza kukikadiria.

Kuitoa ni kazi ya ini, ambalo huibadilisha, kisha figo huipeleka kwenye mkojo. Kondoo wanaolishwa mbugani penye maji yaliyotuama mara nyingi wana minyoo bapa ya ini, na ini lililoharibika huweza kuchelewesha usafishaji huo. Kwa hiyo hesabu ya siku za kungoja ya jirani yako haikuhusu. Kwa kondoo mwenye mimba iliyokaribia siku 147 hatari ni nyingine: sindano hiyo huweza kumzalisha kabla ya wakati.

Nyama nayo ina suala lake. Mabaki hukaa zaidi kwenye ini, figo na mahali alipochomwa, na kuchemsha supu hakuyaondoi kwa uhakika. Tafadhali tuache kubishana juu ya hilo. Siku za kungoja kabla ya kuchinja zimeandikwa kwenye lebo. Zisipotajwa kwa kondoo, muulize daktari wa mifugo kabla ya kuuza.

Utaratibu ni huu. Dawa hii hutolewa kwa cheti cha daktari wa mifugo. Andika daftarini namba ya hereni, jina la dawa, namba ya toleo, kipimo, tarehe na saa. Hifadhi chupa tupu. Siku ya chanjo mwonyeshe mchanjaji daftari kabla kondoo hajashikwa. Akiona inafaa ataahirisha na kukupangia tarehe nyingine, na hilo si kosa lako. Kosa ni kuuza dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au kujifanya daktari wa mifugo bila kusajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003. Hayo huishia mahakamani. Aliyekwisha kuchoma deksa wiki hii asimfiche kondoo wala asiitupe chupa: aje nayo kwa ofisa mifugo wa kata, tuisome pamoja.