Nakala ya kwanza ya Biblia iko wapi?

Sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa nyaraka hapa Tanga tunaulizwa swali hili mara kwa mara, na wanaouliza si Wakristo peke yao: ile Biblia ya kwanza kabisa, iliyoandikwa kwa mkono wa Isaya au wa Paulo, imewekwa wapi? Jibu fupi ni kwamba haipo. Haipo Vatikani wala Yerusalemu, na anayedai kuiona anakudanganya. Jibu refu ndilo lenye faida.

Vitabu vya Biblia viliandikwa katika kipindi cha karne nyingi: Agano la Kale kwa Kiebrania, pamoja na sehemu za Danieli na Ezra kwa Kiaramu, na Agano Jipya kwa Kigiriki. Waandishi walitumia karatasi ya mafunjo ya mto Nile, au ngozi za wanyama zilizokwanguliwa na kukaushwa. Vyote viwili vina adui anayefahamika na yeyote aliyefungua kabati la vitabu Tanga mwezi wa Mei, yaani unyevu. Ndiyo maana mabaki mengi ya kale yametoka kwenye ukame wa Misri na kando ya Bahari ya Chumvi. Kipande kimoja cha Injili ya Yohana kilichopatikana Misri, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2, kipo leo Manchester, Uingereza. Ukubwa wake haufiki kiganja cha mtu mzima.

Kwingineko, kilichookoa maandishi ni kunakili. Tenzi nyingi za pwani yetu zilidumu hivyo hivyo: mtu aliazima daftari, akanakili kwa hati za Kiarabu, akalirudisha kwa mwenyewe. Lakini anayenakili huchoka. Jicho huruka mstari, neno huandikwa mara mbili, na maelezo ya pembeni huingizwa ndani ya matini. Wataalamu wa Kiyahudi walioitwa Wamasora waliliona tatizo hilo, wakawa wanahesabu maneno na hata herufi za kila kitabu ili kosa lijulikane. Nakala kamili ya Agano la Kale la Kiebrania iliyo kongwe kuliko zote tulizonazo ni kazi ya mapokeo yao, nayo ni ya mwaka 1008 tu.

Basi pana pengo kubwa kati ya Isaya na mwaka 1008. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliingia katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, wakakuta magombo ndani ya mitungi. Miongoni mwake lilikuwamo gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lililotangulia nakala ya 1008 kwa takriban miaka elfu moja. Wataalamu walipolilinganisha nayo, walikuta tofauti nyingi ni za tahajia na maneno madogo madogo, na ujumbe ni ule ule. Wahubiri hupenda kuishia hapo. Mimi huongeza la Yeremia: katika mapango hayo hayo yalipatikana mabaki ya kitabu hicho katika umbo fupi zaidi, linalokaribiana na tafsiri ya kale ya Kigiriki, likiwa pia na mpangilio tofauti. Maana yake ni kwamba vitabu vingine viliwahi kusomwa katika matoleo zaidi ya moja, na huo nao ni ushahidi usiofaa kufichwa.

Kwa Agano Jipya kuna hati zaidi ya 5,000 za Kigiriki, nyingi zikiwa vipande. Wataalamu huzipambanisha kama mzee wa baraza anavyosikiliza mashahidi: hahesabu vichwa tu, huuliza nani alisikia kwa nani. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba Marko 16:9-20 na kisa cha mwanamke mzinzi katika Yohana 8 havimo katika baadhi ya hati kongwe zaidi, ikiwemo Codex Sinaiticus ya karne ya 4. Biblia nyingi za sasa huweka mabano au maelezo chini ya ukurasa. Afadhali mwumini aelezwe hili na mchungaji wake kuliko kulikuta kwenye simu usiku.

Tafsiri zilianza mapema: Kigiriki huko Aleksandria kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Kilatini cha Jerome, Kigeez cha majirani zetu wa Ethiopia. Mashine ya Gutenberg, miaka ya 1450, ilipunguza utumwa wa kunakili kwa mkono.

Kwetu, Johann Ludwig Krapf alianza na kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844. Unguja, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyojenga Magila kule Muheza, alisaidiwa kutafsiri na wajuzi wa lugha ambao walikuwa Waislamu. Sheikh Abdul Aziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Jambo hili halitajwi inavyostahili. Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka mwaka 1891, na ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ikafuata mwaka 1914. Karl Roehl, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Usambara, alitoa yake mwaka 1937 akijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa, kwani Kiswahili cha pwani hakichujiki namna hiyo. Toleo la Muungano la 1952, lililokusudiwa kuwakutanisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita, ndilo linalosikika hadi leo katika makanisa mengi.

Nyumba nyingi za Muheza, Korogwe na Lushoto huenda bado zina nakala za zamani. Kama unayo, usiifunge ndani ya mfuko wa nailoni, usiibandike selotepu, wala usiianike juani. Iweke ikiwa imelala, mahali pakavu penye hewa, mbali na sakafu na ukuta ambako mchwa hupita. Na kama babu aliandika tarehe za kuzaliwa na kufa kwa ndugu kwenye kurasa za mwanzo, zipige picha leo na uwatumie wenzako wa ukoo, kila mmoja abaki na nakala yake.