Mbawakavu wa gugumaji hali mahindi

Kila ninaposhika jani la gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, mwaloni Igombe, Mwanza, na kuwaonyesha watu madoa madogo ya duara yaliyokwanguliwa juu yake na mbawakavu walioletwa kulipunguza, swali huwa ni lilelile. Mzee mmoja mvuvi aliliuliza vizuri kuliko wote: “Mwanangu, hawa wadudu wakishamaliza hili jani, watakula nini?”

Ni swali la mtu aliyeona mengi. Ziwa hili, Victoria, limewahi kuletewa kiumbe kigeni. Sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akatulia kwa muda, kisha miaka ya 1980 akafurika. Furu, samaki wadogo wa ziwa hili waliokuwa na aina zaidi ya 500, walipungua mpaka aina zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka. Sangara amejenga nyumba nyingi Mwanza na kusomesha watoto wengi, lakini wazee walioizoea ladha ya furu hawajasahau. Kwa hiyo mtu akisikia wataalamu wamemwaga wadudu majini, kutilia shaka ni haki yake. Najibu mashaka hayo kwa kirefu kwa sababu nimeona yakitunyima msaada ambao tayari tunao, tena bila kuulipia.

“Wakimaliza gugumaji watahamia mashambani”

Sangara hula chochote kinachoenea mdomoni: furu, dagaa, hata wanawe mwenyewe. Hatari yake ilikuwa hapo. Mbawakavu wa gugumaji alichaguliwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa, yaani hawezi kuishi kwa kitu kingine.

Aina zake ni mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, na kwao ni Amerika Kusini, ambako gugumaji nalo ndiko lilikotoka. Mkubwa ana urefu wa milimita 4 hadi 5. Usiku hupanda kukwangua ngozi ya jani, mchana hujificha chini karibu na shina. Jike hutaga mayai ndani ya mmea, na buu akiangua huchimba handaki kwenye kikonyo kile kinene, akiteremka mpaka kwenye moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochipukia. Akikomaa huteremka zaidi, kwenye mizizi inayoning’inia majini. Huko hukusanya vijizizi vyembamba, hujifungia ndani ya kifuko, na humo ndimo anamogeuka kuwa mbawakavu.

Sasa tazama mhindi wako. Una mizizi gani inayoelea? Hata mbawakavu mwenye njaa angetua juu ya mhindi na kuuonja, wanawe wasingepata pa kujifungia wala pa kugeukia. Kizazi kingeishia hapo. Nilimjibu yule mzee hivyohivyo: gugumaji likipungua, wengi watakufa, na wachache watabaki kwenye mabua machache yaliyobaki.

Haya hayakukisiwa. Kabla ya kuachiwa Florida, Marekani, kuanzia mwaka 1972, mbawakavu hao waliwekwa mbele ya mimea mingi, ya chakula ikiwamo, ili ionekane kama watataga na kulea. Tangu hapo wametumika katika zaidi ya nchi 30.

Nadhani hofu nyingine inatokana na jina. Wapo wanaomwita fukusi, na ukoo wao ni wa karibu kweli. Kwa Msukuma, ukitaja fukusi umetaja viazi vitamu vilivyotobolewa na kuwa vichungu, na ukigusa viazi umegusa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ya kiangazi kizima. Lakini fukusi wa viazi ni mdudu mwingine, alikuwapo Afrika kabla ya gugumaji kufika, wala hakuletwa na mtu kutoka ziwani.

Wanaosoma zaidi hunitajia chura wa miwa. Mwaka 1935 Australia ilimwingiza chura mkubwa kutoka Hawaii ili ale wadudu wa miwa; wadudu hakuwamaliza, akasambaa nchini, na sumu yake inaua wanyama wanaojaribu kumla. Ni kweli tupu, na ni kosa lililofanywa bila majaribio ya kutosha. Chura, kama sangara, hula kila kitu. Leo kiumbe wa namna hiyo asingevuka hata hatua ya kwanza ya uchunguzi.

“Wadudu walishindwa, mbona gugumaji bado lipo?”

Hii ndiyo dhana inayoniuma, kwa sababu inasemwa hata na watu waliokuwapo.

Gugumaji liliripotiwa Ziwa Victoria mwaka 1989. Njia yake kubwa ni Mto Kagera, unaolibeba kutoka Rwanda na Burundi na kulimwaga ziwani mchana na usiku. Kufikia mwaka 1998 lilifunika takribani hekta 20,000 za ziwa, sehemu kubwa ikiwa Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Sisi Mwanza tulikuwa na sehemu ndogo ya eneo hilo, lakini lilijazana palepale tunapoishi: kwenye vighuba, kwenye mialo, penye vivuko na penye mabomba ya kuvutia maji. Mitumbwi ilikwama, nyavu zikapotea chini yake, na kina mama wakawa wanachota maji katikati ya konokono wanaobeba kichocho.

Uganda iliachia mbawakavu ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 1997. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya zulia lile la gugumaji ilikuwa imezama. Wataalamu wamebishana ni nani apewe sifa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mawimbi na mawingu, zikayavunja mazulia na kuyapunguzia mwanga. Wengine husema basi ni mvua, si wadudu. Mimi naona ni vyote viwili: mmea uliokwisha kuchimbwa mahandaki, kikonyo kimejaa maji na kuoza, hauhimili wimbi ambalo mmea mzima ungelicheza tu.

Mbona basi lipo? Kwa sababu hakuna aliyeahidi kulimaliza. Mbegu zake zinaweza kukaa kwenye tope miaka 15 hadi 20 na bado zikaota, na Kagera haijaacha kuleta. Kazi ya mbawakavu ni kulipunguza nguvu: majani yawe mafupi, maua yawe machache, liongezeke polepole. Paka wako hamalizi panya wa kijiji, ila ghala linabaki na mahindi. Linganisha ziwa la leo na lile la 1998, usililinganishe na ziwa lisilo na gugu hata moja.

Kuna sababu nyingine, na hii ni yetu. Penye maji yenye rutuba nyingi, gugumaji linaweza kujizidisha mara mbili kwa wiki mbili hivi. Mbawakavu anahitaji kama miezi mitatu kutoka yai hadi kukomaa. Kwa hesabu hiyo hawezi kulifikia. Na rutuba inatoka wapi? Simama kwenye daraja la Mto Mirongo katikati ya jiji siku ya mvua, uangalie kinachopita: maji ya vyoo, taka za soko, sabuni, udongo. Vyote vinaishia ziwani. Huko vijijini ni mbolea na udongo wa mashamba yanayolimwa mpaka ukingoni. Tunalilisha gugu kwa mkono wa kulia, halafu tunamlaumu mdudu kwamba halimalizi.

Ghuba ya Winam ilionyesha hilo waziwazi. Gugu lilikuwa limepungua, lakini baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilizosomba rutuba kutoka mashambani, lilirudi kwa nguvu.

“Tung’oe lote, tusiwangoje wadudu”

Kung’oa ni kazi ya heshima, na penye mwalo, kivuko au bomba la maji hakuna njia ya haraka kuliko mikono na reki. Shida ni kung’oa lote. Ndani ya kila kikonyo unachokitupa mna mayai na mabuu. Ukisafisha ghuba nzima hata jani lisibaki, umewatoa na walinzi, na zulia jipya likija na upepo kutoka ng’ambo litakuta mlango wazi. Acheni kipande mahali pasipozuia mtumbwi wala nyavu, kiwe makazi yao.

Na kilichong’olewa kipelekwe mbali na ukingo. Kipande kimoja chenye moyo, kikisombwa na mvua, kinaanza upya. Wanaolitengenezea mboji wanafanya vizuri, mradi wasiamini kwamba mboji italimaliza ziwani. Kuhusu dawa za kuua magugu, niseme moja tu: zulia likifa lote kwa mpigo linaoza chini, linamaliza hewa ya majini, na sato wanakufa pamoja nalo.

“Hao hao watakula na salvinia”

Katika Ghuba ya Mwanza sasa watu wanalizungumza gugu jingine, lenye vijani vidogo vyenye vinywele, linaloelea kama gugumaji lakini halitoi ua la zambarau. Hilo ni salvinia, na mbawakavu wa gugumaji hawatalila. Udhaifu huo ndio ileile sifa iliyotuhakikishia kwamba hawatakula mahindi.

Salvinia ina mbawakavu wake, Cyrtobagous salviniae, na historia yake inafundisha. Kwa miaka mingi gugu hilo lilidhaniwa kuwa aina nyingine, kwa hiyo wadudu walitafutwa kwa jirani asiyehusika, wakaachiwa, wakashindwa. Ni mpaka mwaka 1972 lilipotambuliwa kuwa aina ya pekee, Salvinia molesta, na baadaye kwao kukapatikana kusini-mashariki mwa Brazili, ndipo mdudu sahihi alipojulikana. Aliachiwa katika Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, penye hekta 200 hivi za gugu. Baada ya mwaka mmoja na kitu, maji yalikuwa wazi. Kwa hiyo mtaalamu anapochukua sampuli na kwenda nayo maabara badala ya kuleta wadudu kesho yake, hachelewi. Anatafuta jina, na jina ndilo linaloonyesha mdudu.

“Shamba zuri halina mdudu”

Tukitoka majini, dhana hii ndiyo inayokula fedha za wakulima wetu kuliko nyingine. Mkulima anaona kitu kinatembea juu ya jani, anakimbilia bomba la mgongoni.

Muhogo tunaoula leo Sengerema na Ukerewe una deni kwa nyigu mmoja asiyefika milimita 2. Miaka ya 1970 aliingia Afrika mdudu mweupe kama unga, anayejazana kwenye ncha ya muhogo na kuikunja. Alionekana kwanza mwaka 1973 huko Kongo, akaenea kutoka nchi hadi nchi, akiacha mashamba yaliyodumaa. Mwaka 1981 nyigu anayemwinda alipatikana Paraguay. Jike hutaga yai ndani ya mdudu huyo, na kinachoangua humla kutokea ndani. Mtafiti Mswisi Hans Rudolf Herren aliongoza kazi ya kumzalisha na kumsambaza katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mkulima hakununua chochote. Wengi hawakujua hata kwamba kuna kilichotokea.

Nyigu yule bado yumo mashambani. Ukipuliza dawa kali kwa kuona tu “vidudu”, yeye ndiye anayetangulia kufa, kwa kuwa ni laini na hutembea juu ya majani akitafuta. Mdudu mweupe amejificha chini ya nta yake. Baada ya wiki chache anarudi na hana anayemfuata.

Lakini nisimpe sifa zisizo zake. Nyigu hatibu batobato wala michirizi ya kahawia. Hayo ni magonjwa ya virusi, yanayoenezwa na nzi weupe na kwa vipando vyenye ugonjwa, na kinga yake inaanzia kwenye mbegu safi na zinazostahimili. Mdudu rafiki ana kazi moja.

“Basi nami nitajiletea wangu”

Hapana. Mdudu mgeni huingia nchini kwa kibali na karantini, na kwetu suala hilo liko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wala usibebe gugumaji kupeleka bwawani kwa sababu lina wadudu ndani. Utakuwa umepeleka gugu.

Unachoweza kufanya ni kukagua. Yule mzee wa Igombe hakuridhika na maneno, akataka kumwona. Nilichagua mmea wenye majani yenye madoa mengi, nikapasua kikonyo kwa kucha kuanzia juu. Handaki likaonekana, jeusi na bichi, tukalifuata mpaka chini, na mwishoni alikuwamo: buu mweupe asiye na miguu, kichwa rangi ya chungwa. Mzee alimtazama muda mrefu.

“Huyu peke yake?”

“Pasua na mingine, baba.”

Akapasua mimea mitano. Mitatu ilikuwa nao.