Plastiki inayopitisha umeme na supakapasita: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Katika mitaa ya Lubumbashi, ambako umeme wa mtandao hukatika mara kwa mara na watu wengi wamejifunza kutegemea paneli za jua, imeenea dhana kwamba supakapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwenye nyuso za kaboni, ni betri mpya itakayojaa kwa dakika moja na kuiangazia nyumba usiku kucha. Dhana hii inastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa sababu mtu anaweza kutumia akiba yake yote akiiamini. Chukua seli moja kubwa ya supakapasita ya kaboni inayouzwa viwandani, yenye faradi 3,000 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kushika chaji) na volti 2.7, ambayo uzito wake ni takriban nusu kilo. Nishati iliyomo ni nusu ya faradi hizo zikizidishwa kwa mraba wa volti, yaani karibu jouli 10,900, ambazo ni sawa na wati-saa 3. Taa ya LED ya wati 5 itamaliza nishati hiyo kwa muda usiofika dakika 40. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200. Ili kuifikia ungehitaji seli 400 za namna hiyo. Zaidi ya hayo, supakapasita iliyojazwa na kuachwa bila kazi hupoteza chaji yake yenyewe haraka kuliko betri. Basi anayekuuzia supakapasita peke yake kama hifadhi ya umeme wa usiku anakuuzia kifaa kisichofaa kazi hiyo.

Hata hivyo, kifaa hiki si duni. Ubora wake uko katika kasi ya kupokea na kutoa nguvu, na katika umri wake, kwa kuwa seli za kaboni huvumilia kujazwa na kumwagwa mamia ya maelfu ya mara. Mwaka 2006 jijini Shanghai yalianza kutumika mabasi ya supakapasita yaliyojazwa umeme vituoni, abiria wakipanda na kushuka. Hapa kwetu mtu angeweza kuifikiria kwenye pampu ya maji au friji, ambazo injini zake huvuta mkondo mkubwa sana kwa muda mfupi zinapoanza kuzunguka: supakapasita hubeba mshtuko huo, betri ikabaki na kazi ya polepole.

Ili supakapasita ibebe chaji nyingi zaidi, kaboni yake huchanganywa na plastiki inayopitisha umeme. Wengine hukataa kusikia kwamba plastiki inaweza kupitisha umeme, kwa kuwa waya wote tunaoujua umefunikwa kwa plastiki ili usitupige. Mwaka 1977 wanasayansi Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba plastiki iitwayo poliasetilini, iliyoguswa na mvuke wa iodini, huongeza upitishaji wake mara mamilioni, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Siri iko katika mnyororo wa kaboni wenye vifungo vya kikemia vya moja na vya maradufu vinavyopokezana. Elektroni zikiondolewa hapa na pale, chaji hupata njia ya kusafiri. Polianilini na polipiroli ni plastiki nyingine za ukoo huohuo.

Dhana inayowapotosha zaidi wanafunzi wa kemia ni ile isemayo kwamba polima (yaani plastiki hiyo ya mnyororo mrefu) ikishachanganywa na kaboni, basi sifa za vyote viwili hujumlishwa tu. Kaboni yenye vinyweleo hushika ioni, yaani chembe zenye chaji, juu ya uso wake pasipo kubadilika kikemia, na ndiyo maana hudumu. Polima hushika chaji hadi ndani ya mwili wake kwa kupoteza na kupokea elektroni, na kwa hiyo hubeba chaji nyingi zaidi kwa kila gramu; lakini ioni zinapoingia huvimba, zinapotoka husinyaa, na baada ya mizunguko elfu kadhaa huanza kupasuka na kubanduka, kama ukuta wa matofali mabichi unaoloa masika na kukauka kiangazi. Tena, ikipoteza chaji yake yote hurudi kuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Kazi ya grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja) au mirija midogo mno ya kaboni ndani ya mchanganyiko ni kushikilia tabaka jembamba la polima lisibanduke, na kuacha njia ya umeme wazi hata polima yenyewe inapofunga. Ukizidisha polima, vinyweleo vya kaboni huziba na ioni hukosa pa kupita. Mpangilio wa ndani, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko jina la viambato.

Tarakimu za faradi kwa gramu nazo husomwa vibaya. Kipimo cha elektrodi moja, yaani upande mmoja wa kifaa unaoshika chaji, hakilingani na cha kifaa kamili: elektrodi mbili zilizo sawa zikiunganishwa mfululizo, uwezo hugawanyika nusu huku uzito ukiwa maradufu, hivyo kila gramu hubaki na robo tu, kabla hata ya kuhesabu elektroliti (kimiminika chenye ioni) na kasha. Isitoshe, polianilini hufanya kazi vizuri ndani ya asidi yenye maji, ambamo volti hubaki karibu na 1. Kushuka kutoka volti 2.7 hadi 1 hupunguza nishati zaidi ya mara saba, faradi zikiwa zilezile.

Kuna pia hofu kwamba vifaa hivi vitaua soko la kobalti ya Katanga, madini yatumikayo katika betri. Sioni msingi wake, kwa sababu supakapasita haichukui nafasi ya betri ya gari la umeme. Kinachoweza kupunguza hitaji la kobalti ni betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti, ambazo tayari ziko barabarani bila kobalti yoyote.

Mwisho, polianilini husifiwa kuwa rahisi kutengenezwa, na ni kweli kwamba huundwa ndani ya chupa ya maabara kwa anilini, asidi na kioksidishaji (kemikali inayochukua elektroni). Lakini urahisi huo usichukuliwe kuwa usalama. Anilini ni sumu inayopenya ngozi na kuizuia damu kubeba oksijeni; mwanafunzi asiishike bila glavu zinazofaa, wala asifanye kazi nayo katika chumba kisicho na njia ya kutoa mvuke.