Je, wajua kwa nini mgombea urais Marekani huweza kuongoza kwa kura na bado akashindwa?

Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, lakini aliyeapishwa ni Trump. Mwaka 2000 yalimkuta hayo hayo Al Gore, aliyemwacha George W. Bush kwa kura zaidi ya 500,000.

Kisheria, Mmarekani anapopiga kura ya urais huwa anachagua wajumbe wa jimbo lake, na hao ndio humchagua rais mwezi Desemba. Wajumbe wote ni 538. Wa kufikisha 270 ndiye rais. Kila jimbo hupata wajumbe kwa hesabu ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wake wawili. Nyongeza hiyo ya wawili huyabeba majimbo madogo: Wyoming ina mjumbe mmoja kwa kila watu kama 192,000, California mmoja kwa watu kama 732,000. Bush alishinda majimbo 30, kwa hiyo wajumbe 60 kati ya 271 aliopata walitokana na viti vya useneta.

Lakini kinachouma zaidi ni kanuni ya mshindi kuzoa wajumbe wote wa jimbo, inayofuatwa kote isipokuwa Maine na Nebraska. Bush alishinda Florida kwa kura 537 tu, akazoa wajumbe wake wote 25. Clinton alishinda California kwa kura zaidi ya milioni 4, na ziada yote ile haikumwongezea hata mjumbe mmoja. Trump alitwaa Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, zenye wajumbe 46, kwa tofauti ya kura zisizofika 78,000 zikijumlishwa pamoja.

Hata Joe Biden, aliyeongoza kwa zaidi ya kura milioni 7 mwaka 2020, aliponea chupuchupu. Alishinda Georgia, Arizona na Wisconsin kwa jumla ya kura 42,918. Angeyapoteza hayo matatu, yeye na mpinzani wake Trump kila mmoja angebaki na wajumbe 269, na uamuzi ungehamia Baraza la Wawakilishi. Huko kila jimbo lina kura moja tu, Wyoming sawa na California, na ushindi ni majimbo 26. Idadi hiyo chama cha Trump, Republican, kilikuwa nayo.